Siku nne kwa tanga na kwa miguu: Lamu, Manda na Pate

Tulilipa shilingi elfu sitini kwa chombo kizima: siku nne, wasafiri watano, nahodha na mabaharia wawili, chakula juu yao. Kila mmoja wetu alitoa elfu kumi na mbili, na maji ya kunywa tukayanunua wenyewe Lamu mjini. Naanza na hesabu kwa sababu ndilo swali nililoulizwa na kila mwalimu mwenzangu niliporudi Nakuru, na kwa sababu bei ya kwanza tuliyotajiwa ilikuwa nyingine kabisa. Hatujafika hata kwenye nyumba ya wageni, kijana mmoja akatuandama kutoka gatini: ana jahazi, elfu tisini, bei ya mwisho. Hakuwa na jahazi. Alikuwa dalali, na hizo elfu thelathini za juu zilikuwa zake. Kesho yake tulimkuta mwenye chombo ameketi kivulini anashona tanga, tukazungumza naye nusu saa, tukakubaliana. Mwone nahodha uso kwa uso, panda chomboni ukague, ndipo utoe pesa. Jina lake silitaji kwa kuwa ameniomba nisilitaje. Wageni anaowapata kwa kupashana habari wanamtosha.

Huduma yenyewe ni hii: baina ya kisiwa na kisiwa mnakwenda kwa tanga, na juu ya kisiwa mnakwenda kwa miguu, chombo kikizunguka kuwangoja upande wa pili. Nilikuwa nimewahi kufika Pate miaka ya nyuma kwa boti ya abiria. Ilikuwa saa mbili za mngurumo wa injini, nimebanwa kati ya magunia ya unga na kreti za soda, nikashuka, nikatazama, nikarudi. Sikumbuki chochote cha njiani. Safari hii namkumbuka hata ndege aliyetua juu ya foromali, ule mti unaobeba tanga, tulipokuwa tumetia nanga.

Tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume na walimu wenzangu watatu. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, kaskazi imeanza kuvuma lakini haijakaza, na mwezi mpevu ulikuwa umepita siku nne. Hilo la mwezi sikulijali wakati huo. Nahodha alilitaja mara mbili tulipokuwa tukipatana, na mara zote mbili nilimjibu kwamba tarehe za likizo ndizo hizo, hatuna nyingine.

Siku ya kwanza maji yalijaa saa mbili kasorobo asubuhi, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumeshatweka. Tulivuka mlango wa Lamu tukaingia mfereji unaokwenda Takwa, kisiwani Manda. Mfereji huo unapita kati ya mikoko, na maji yakipwa hubaki tope tupu, hivyo Takwa huingiliki wakati wowote upendao. Chombo kilitushusha, kikageuka papo hapo kabla hakijafungiwa ndani. Tukabaki na magofu na mibuyu.

Msikiti wa Takwa una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo ambalo sijaliona katika msikiti mwingine wowote. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi lenye nguzo, na maandishi yake yana mwaka wa 1094 wa Hijria, yaani mwisho wa karne ya 17. Mji ulihamwa kiasi cha wakati huo. Watu wa Shela, ng'ambo ya pili, huwahesabu watu wa Takwa kuwa wazee wao, na hadi leo huvuka kuja kuomba dua kaburini. Tulikaa hapo saa moja. Kisha tukapanda matuta ya mchanga nyuma ya magofu, na ghafla bahari kuu ikawa mbele yetu, inavuma, hakuna mtu. Tukaufuata ufuo kuelekea Ras Kitau, viatu mikononi. Maji yalikuwa yanapwa, kwa hiyo mchanga ulikuwa mgumu na wa kutembeka vizuri. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jinsi safari hii inavyoendeshwa: maji yaleyale yaliyokifukuza chombo mferejini ndiyo yaliyotupa sisi njia ya kupita. Tulipofika Ras Kitau, jua limepanda, chombo kilikuwa kimetulia pale na harufu ya samaki wa kuchoma inatujia.

Nataka kusema juu ya chakula. Baharia mdogo, kijana wa miaka kama ishirini, alikuwa na jiko la makaa lililokalishwa ndani ya sanduku la mbao lililojaa mchanga, ili chombo kikilala upande makaa yasimwagike. Alikuna nazi kwa mbuzi huku amebana mguu kwenye ubavu wa chombo, akapika wali wa nazi, akachoma changu aliowanunua asubuhi ileile kwa mvuvi wa mtumbwi, akawapaka ukwaju na pilipili. Siku ya tatu alitupa mkate wa mofa aliotumiwa na mama yake. Hotelini Lamu nilikula vizuri pia, lakini kama kuna kitu ambacho sitabishania katika bei ile, ni mikono ya yule kijana.

Usiku wa kwanza tulitia nanga karibu na mdomo wa Mkanda, ule mfereji mwembamba unaotenganisha Manda na bara. Tulilala sitahani kwenye magodoro membamba, tanga limetandazwa juu yetu kama hema. Mbu walikuwepo, na chandarua hakuna, chukua chako. Asubuhi, maji yalipokaribia kujaa, tukaingia. Mkandani mikoko imeuziba upepo pande zote mbili. Tanga lililegea likaanguka kama nguo ya mvua.

"Mwalimu, hapa tanga halina kazi," nahodha akaniambia, akanipa pondo. "Tia mkono."

Pondo ni mti mrefu wa mkoko. Unauzamisha mpaka ugote chini, unausukuma huku unatembea kuelekea tezi, nyuma ya chombo, kisha unauchomoa na tope linaunyonya kama halitaki kuuachia. Baada ya mara kumi nilikuwa nimeshajua tope laini liko wapi na changarawe iko wapi, kwa mlio wa pondo tu. Mdogo wangu alishika upande wa pili. Hatukwenda hata kasi ya mtu anayetembea, na hakuna aliyezungumza. Kaa wekundu walikuwa wanakimbilia mashimoni kwenye mizizi, na mara moja moja samaki aliruka.

Mimi nafundisha Kiswahili, na kwangu mimi chombo kile kilikuwa darasa. Neno demani nimelifundisha miaka mingi kama msimu, wakati wa upepo wa taratibu baada ya kusi. Chomboni demani ni kamba, ile ya kulivutia tanga kwa nyuma. Kamba ya kutwekea ni henza. Pembe ya mbele ya tanga ni joshi. Mawe na viroba vya mchanga vilivyowekwa chini ili chombo kisiyumbe ni farumi, na pale chini penyewe panapokusanya maji ni ngama. Nilikuwa nimeyasoma haya katika kamusi, lakini sikuwa nimewahi kumsikia mtu akiyapigia kelele. "Legeza demani! Legeza!" Na mtu analegeza, na chombo kinaitika.

Tulipotoka Mkanda tukaikuta Ghuba ya Manda wazi, upepo wa kaskazi unatukabili usoni. Mkono wa kushoto, upande wa bara, kreni za bandari mpya zilisimama juu kuliko kitu chochote hapo. Gati la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021. Baharia mkubwa alituonyesha mahali baba yake alipokuwa akitega kabla ya kina kuchimbwa. Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani kwa jambo hilo, na alilizungumza bila kupandisha sauti, macho yake yako kwenye kamba.

Kutoka hapo hadi Mtangawanda tulikwenda kwa kubisha, yaani kuukabili upepo mara kulia mara kushoto, foromali ikivushwa upande wa pili kila tulipogeuza. Upepo ulipozidi walichomoza ubao mrefu nje ya ubavu wa chombo, na sisi tukaambiwa tukakae juu yake, miguu inaning'inia juu ya maji, tukiwa farumi ya watu. Mwenzangu mmoja, mama wa watoto wanne, anayeogopa hata daraja la waenda kwa miguu, alikaa juu ya ubao ule saa nzima akakataa kushuka. Kama una haraka, kubisha kutakuchosha. Njia ambayo boti hupita moja kwa moja, sisi tuliikata vipande vipande hadi adhuhuri. Mimi sikuchoka.

Mtangawanda ndiko vyombo vinakoshushia abiria wa Pate, kwa kuwa maji yake yana kina. Tulingoja jua lipungue, na saa tisa tukashika njia ya Pate mjini, mwendo wa saa moja, mchanga na vichaka na minazi. Bodaboda zipo na zitakuomba upande. Usipande. Mji wa Pate unauona vizuri ukiuingia polepole: kwanza shamba, kisha kuta zilizobomoka za mji wa Wanabahani, ukoo wa masultani wa Pate, zikiwa zimesimama katikati ya matuta ya tumbaku, kisha ghafla vichochoro vyembamba vya nyumba za mawe ambamo watu wawili wakikutana mmoja hupisha. Wakulima wamepanda tumbaku hadi ndani ya vyumba ambavyo masultani walilala. Nahodha alikuwa ametutafutia nyumba kwa jamaa yake, tukala, tukalala darini. Wanawake wa nyumba ile walituuliza zaidi kuliko tulivyowauliza.

Siku ya tatu tulitembea kutoka Pate hadi Siyu. Tuliondoka saa kumi na mbili alfajiri, mwendo wa saa mbili na nusu kwa hatua ya watu wasio na haraka. Hii ndiyo njia niliyoijia. Mwana Kupona alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, na mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akamtungia bintiye utenzi ambao mimi nimeufundisha mara nyingi mno mbele ya wanafunzi ambao hawajawahi kuiona bahari. Miji miwili ya maisha yake imeunganishwa na ardhi hii. Sijui kama alipita kwa miguu, kwa punda au kwa mashua. Lakini minazi, mchanga mwekundu unaogeuka mweupe, umande kwenye majani, sauti ya mtu anayekwangua kitu mahali usipomwona, haya yote yalikuwa yake kabla hayajawa ya kitabu cha shule. Nilitembea nyuma ya wenzangu makusudi.

Siyu ina ngome ya mawe ukingoni mwa mfereji. Mji huu ulivishinda vikosi vya Sayyid Said wa Zanzibar katika miaka ya 1840, na ulikuwa na mafundi wa kila aina: wanakili wa Kurani, maseremala, washonaji wa ngozi. Washonaji wangalipo. Mzee mmoja barazani alikuwa anashona makubadhi, ameubana ukanda wa ngozi kati ya vidole vya mguu, anatoboa kwa msharasi bila kutazama, macho yake yakiwa kwetu. Nilimwamkia, akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Nakuru, akasema mguu wangu ni mpana, akanipima kwa shubiri. Jozi niliyonunua kwake ndiyo niliyovaa ninapoandika haya.

Hapa sasa ndipo kasoro kubwa ya safari yetu ilipotokea. Maji ya Siyu siku hiyo yalijaa saa tatu na nusu. Chombo kilitoka Mtangawanda kikaingia mferejini kutuchukua, na nahodha alisema wazi: saa nne na nusu tuwe tumeondoka. Sisi tulitaka kwenda kwenye magofu ya Shanga na kurudi. Yeye alisita, kisha akakubali, akatupa kijana wa kutuongoza. Kijana hakuijua njia. Tulizunguka mashambani karibu saa nzima, tukaulizia kwa mama mmoja aliyekuwa akipalilia, ndipo tukafika. Nahodha hakupaswa kutupa mtu asiyeijua njia, na mimi sikupaswa kulazimisha safari ya saa tatu ndani ya muda wa saa mbili. Nilimwambia la kwanza. Yeye kwa adabu yake hakuniambia la pili.

Shanga yenyewe, msikubali kuikosa. Ni magofu ya mji uliokaliwa tangu karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15. Mtaalamu wa mambo ya kale Mark Horton alichimba hapo katika miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya miti. Unasimama penye mihrabu, nyasi zinakufika magotini, na unajua kwamba chini ya nyayo zako watu wamesimama safu ileile, kizazi juu ya kizazi. Hakuna mlinzi, hakuna kibao cha maana. Kuna kisima, kaburi lenye nguzo, na upepo. Sisi tulikuwa na dakika ishirini, tukachukua arobaini.

Tuliporudi Siyu ilikuwa saa sita kasorobo na chombo kimepwelewa. Kimelala ubavu kwenye tope, mlingoti umeinama kuelekea ngomeni, usukani umening'inia hewani. Maji yamebaki ukanda mwembamba katikati, mtoto angeweza kuuruka. Tope lilikuwa linapumua, vitundu vidogo vinafunguka na kufunga, na vikaa vyenye gando moja kubwa vilikuwa vinapunga kuzunguka chombo chetu. Mabaharia walikuwa wameshashusha jiko na masanduku ngomeni. Hakuna aliyetugombeza.

Nahodha alinieleza jioni ile, kwa subira, nilichopaswa kukisikiliza tulipokuwa tukipatana. Maji hujaa kila siku yakichelewa kiasi cha dakika hamsini kuliko jana, na kadiri tunavyozidi kutoka kwenye mwezi mpevu kuelekea maji mafu, ndivyo yanavyojaa kidogo zaidi. Maji ya usiku yalifika karibu saa nne, tukakesha nayo na tochi. Alichomeka pondo, akangoja, akaichomoa, akapima alama ya unyevu kwa mkono. Chombo kilisimama wima lakini hakikuelea sawasawa. Akasema hatoki usiku kwenye mfereji kama ule kwa maji ya kubahatisha. Nilifurahi kulala. Kuna nahodha ambaye angeona aibu mbele ya wageni akajaribu, na huyo ndiye wa kuogopwa.

Asubuhi walitoa nusu ya farumi, viroba vya mchanga vikabebwa mabegani hadi ukingoni. Tulikuwa ngomeni tunakunywa chai ya tangawizi aliyotuletea jirani, tukasikia nahodha anaita kutoka chini: "Mai yameyaa, ndooni!" Maji yamejaa, njooni. Tukaingia topeni hadi mapajani, sisi watano, mabaharia, na vijana sita wa Siyu ambao hakuna aliyewaomba. Chombo kikasita, kikateleza, kikaelea. Vijana walikataa pesa, wakakubali katoni ya maji na mabuyu.

Kwa kuwa tulichelewa, Mkanda tusingeupata ukiwa na maji, hivyo tulirudi kwa nje, upande wa bahari kuu, kaskazi ikiwa nyuma yetu. Kwenda tulibisha kwa taabu, lakini kurudi kulikuwa tanga moja lililojaa tangu kisiwa kidogo cha Manda Toto hadi Ras Kitau, mawimbi yanatuinua kwa tezi na kutuweka chini taratibu. Wawili wetu walitapika. Kama huna tumbo la bahari, mwambie nahodha mapema ukae kwenye njia za ndani. Saa kumi na moja jioni tulikuwa Lamu.

Nampa nyota nne. Nyota ya tano imebaki kwa mambo matatu. Jaketi okozi zilikuwa sita na sisi tulikuwa wanane. Kwenye njia ya nje hilo halikubaliki, na mtu asiende bila kuzihesabu kwa mkono wake. Choo ni ndoo nyuma ya pazia la kanga huko tezi. Kwa wanawake wanne miongoni mwa wanaume ni taabu ambayo pazia zito na mahali pa kushika pangeipunguza nusu. Na kijana wa njia nimeshamtaja.

Mavazi: visiwa hivi ni vya Waislamu na watu wake ni wapole mno kukukemea, kwa hiyo jikemee mwenyewe, funika mabega na magoti, uliza kabla ya kupiga picha. Viatu: vya kufunga kwa ajili ya Pate hadi Siyu, na vingine vya kuharibika topeni. Wanaotaka kuendelea hadi kisiwa cha Kiwayu waulizie kwanza hali ya usalama Lamu, wiki ileile wanayosafiri.

Nimeshapanga tena na nahodha yuleyule, likizo ijayo ya Desemba, na mara hii tarehe amenipa yeye. Tutaanza siku ya mwandamo, wakati wa maji ya bamvua, yale yanayojaa sana. Takwa tutaiingia jioni, na siku ya tatu chombo kitaingia Siyu magharibi maji yakiwa yamejaa, kilale hapo mchana wote unaofuata, kitoke alfajiri ya pili. Shanga itakuwa na siku yake nzima.